Namna ya Kumpata Bibi Aliyefichwa

Kwanza iache ukutani ile shajara ya nasaba iliyotiwa fremu. Inapanda baba kwa baba mpaka Oman na humo hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mama. Ukimtafuta humo bibi yako wa Unguja wa karne ya 19, utaumiza shingo bure.

Nenda uwani. Mtafute mwanamke mkongwe kuliko wote katika ukoo, mpelekee tambuu, kaa naye mkekani mchague mchele. Usimuulize mwaka aliozaliwa bibi yake. Uliza: tufani ilipopiga, alikuwa keshavunja ungo? Hiyo ni Aprili 1872, mikarafuu ya Unguja ilipolala chini. Mizinga ya Waingereza ilipolipiga jumba la Sultani, alikuwa na watoto wangapi? Hapo ni Agosti 27, 1896. Mkongwe wako hakuyaona hayo, ila alisimuliwa na walioyaona.

Sasa uliza alikotoka. Mtu atakohoa, shangazi atakutuma chai. Nenda kailete, rudi, uliza tena. Kikohozi hicho ndicho kilichomzika bibi yako kuliko mchwa wote waliokula makaratasi. Huenda alikuwa mjakazi, huenda suria. Aibu si yake, ni ya waliomuuza. Na kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru, hurithi sawa na mtoto wa mke. Sayyid Barghash, aliyefunga soko la watumwa mwaka 1873, mama yake alikuwa suria Mhabeshi. Wajukuu wa kawaida wanaona haya ya nini?

Ukifika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, nenda na subira. Amri ya Aprili 1897 iliondoa utumwa kisheria lakini ikawaweka kando masuria mpaka 1909, kwa hiyo usikate tamaa ukimkosa miongoni mwa walioachiwa huru. Pekua hati za wakfu, mirathi na mauziano ya nyumba. Huenda hana ubini. Ameandikwa Zafarani au Faida tu, pamoja na jina la bwana wake. Soma mashahidi na majirani wa kiwanja, kisha warudishie majina hayo wazee wa mtaa. Tarehe za Hijria zigeuze kwa uangalifu: miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Miladi, na kosa dogo litamfanya azae kabla hajazaliwa.

Ukiambiwa alikuwa Mmanyema au Mnyasa, andika, lakini usifunge daftari. Wengi walibandikwa kabila njiani au bandarini na watu wasiojua kijiji chao. Uliza kuhusu mwili wake: chale zilikaa wapi, zilichorwa vipi? Mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya? Hilo litakuelekeza kusini, kwa Wamakonde na jirani zao. Uliza pia alibembeleza watoto kwa maneno gani, hasa yale ambayo nyumba nzima iliyaimba bila kuyaelewa. Yarekodi kama yanavyotamkwa, usiyanyooshe yawe Kiswahili, kisha uwasikilizishe wasemaji wa Kiyao, Kimakonde na Kinyanja, mmoja baada ya mwingine.