Jinsi ya Kuuziwa Mbuzi Kwenye Gunia la Inchi 24

Wazazi wetu hawakusumbuka na kuchagua skrini. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara, wakati Zanzibar walishaanza kutazama televisheni ya rangi tangu 1973. Wenzetu wa visiwani walitutangulia kwa miaka mingi kubishana kama nyekundu ni nyekundu. Sisi wa Mbeya tunabishana sasa, sokoni Mwanjelwa, mbele ya kaunta, huku bajaji inatupigia honi.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kununua skrini ya kompyuta na kujuta bila usumbufu. Fuata hatua zote. Ukiruka hata moja, unaweza kujikuta umepata skrini nzuri.

Hatua ya kwanza: mshangae kasuku. Muuzaji atakuona umejifunga koti la mwezi wa saba, atakusalimu "Ugonile!", kisha atawasha video ya kasuku na maporomoko ya maji, mwanga ukiwa umepandishwa hadi mwisho. Shangaa. Usimwombe akufungulie jedwali la michango ya VICOBA au barua yenye herufi ndogo, ingawa hizo ndizo utakazozikodolea macho kutwa. Kasuku hupendeza kwenye skrini yoyote. Ndiyo maana kapewa kazi.

Hatua ya pili: uliza inchi tu. Inchi hupimwa kona kwa kona, nazo hazisemi lolote kuhusu vidoti vinavyounda picha, vile ambavyo mafundi huviita pikseli. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, iwe ya inchi 22 au ya inchi 27. Ni unga uleule, sufuria tu ndiyo imekua. Usishangae uji ukiwa mwepesi. Ile ya 1366 kwa 768 ina pikseli milioni moja na kidogo, yaani nusu ya hizo. Zote mbili zimebandikwa neno HD, kama ambavyo kila chupa ya barabarani imebandikwa neno asali.

Hatua ya tatu: amini sifuri. Boksi litakuambia kwamba tofauti ya mwanga na giza ni 1,000,000 kwa 1. Kwa kawaida kioo cha aina ya IPS hufikisha kama 1,000 kwa 1, na cha VA kama 3,000 kwa 1. Sifuri za ziada hupatikana kwa kufifisha taa ya nyuma picha ikiwa nyeusi, kuikoleza picha ikiwa nyeupe, kisha kulinganisha vipimo viwili ambavyo wewe hutaviona kwa wakati mmoja. Ni sawa na kumwambia mtu aliyesimama mjini Mbeya urefu wa mlima Loleza uliopimwa kuanzia kule chini Kyela. Na ukisikia Hz 144, tikisa kichwa kama mtaalamu. Hizo ni mara ambazo picha huchorwa upya kila sekunde. Anayecheza gemu zitamfaa. Anayechapa barua ya ofisi ya kata, 60 zinamtosha na chenji inabaki.

Hatua ya nne: usiulize kioo ni cha aina gani. Hapa nazungumza kwa uzoefu. Niliwahi kununua skrini ya mtumba, kioo chake TN. Kioo cha namna hiyo ni cha bei nafuu na kinabadilisha picha haraka, lakini kinataka ukitazame usoni. Ukikitazama kutoka chini, rangi zinaingia giza. Ukipanda juu, zinapauka. Mimi nilikiweka juu ya rundo la vitabu, nami nikakaa kwenye kigoda.

Ndipo nikapewa kazi ya kutengeneza kadi 150 za mchango wa harusi ya binamu yangu. Kamati ilikuwa imechagua rangi ya damu ya mzee, na sare zilishakatwa. Kila nilipoiweka rangi hiyo, kutoka kwenye kigoda changu niliona karibu nyeusi. Nikaongeza mwanga. Bado giza. Nikaongeza tena, mpaka ikaiva machoni pangu, nikapeleka kuchapisha. Kadi zilirudi pinki. Shangazi aliishika moja kwa vidole viwili, akaisogeza dirishani, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni damu ya mzee gani? Wa miaka minne?"

Ningesimama mara moja tu nikainamisha kichwa mbele ya kioo, ningeona kosa. IPS ingenivumilia hata kigodani, kwa kuwa rangi zake hazibadiliki sana ukihama upande.

Hatua ya tano: usiende na bendera. Wapo wasumbufu wanaotembea na flashi yenye picha moja tu, bendera ya Taifa. Wanaifungua ijae kioo kizima, kisha wanasimama, wanachuchumaa, wanakwenda kushoto na kulia. Mstari mweusi ukigeuka kijivu kama ukungu wa asubuhi Uyole, wanairudisha skrini. Dhahabu ikifanana na ndimu, wanairudisha. Halafu wanafungua ukurasa mtupu mweupe na kukitafuta kidoti kilichokufa. Duka zima litawacheka, na wewe cheka nao.

Hatua ya sita: kubali kuwa ni vumbi. Ukiona kidoti chekundu kisichozimika, muuzaji atakisugua kwa kitambaa na kusema kitatoka chenyewe. Viwango vya kimataifa vyenyewe vina madaraja yanayovumilia vidoti vichache vibovu, kwa hiyo usione haya kuuliza dukani vinavumiliwa vingapi kabla ya kurudishiwa hela. Nakosea: usiulize. Na risiti usidai, utaonekana humwamini.

Hatua ya saba: ilaze kifudifudi kwenye bajaji, juu yake gunia la viazi. Ukifika nyumbani, iunganishe kwa waya wa zamani wa VGA wakati tundu la HDMI lipo wazi, ili herufi zipate kivuli. Ukiona macho yanauma, lilaumu baridi.

Mimi siku hizi nimekuwa msumbufu. Skrini yangu ya sasa niliinunua baada ya kuchuchumaa mbele ya wateja wengine sita, bendera ikiwa imejaa kioo, na mweusi ulibaki mweusi. Pembeni yake nimebandika kadi moja ya pinki. Kwa ile skrini ya mtumba sikudai risiti. Kadi hii ndiyo risiti niliyobaki nayo.