Sifa za Gari Linalochoka Likishapata Moto

Gari jipya hufungwa riboni na kupigwa picha. Hakuna aliyewahi kusimama hadharani akaisifu ile hitilafu ya gari la zamani la kabureta: asubuhi linawaka kwa mguso mmoja, linatoka mtaani likinguruma kwa heshima, kisha mshale wa joto ukifika katikati, nguvu zinakwisha. Unakanyaga mafuta, injini inakohoa, mwendo haupandi. Unashuka gia ya tatu, unashuka ya pili, na bajaji inakupita huku abiria wake akigeuka kukutazama kwa huruma. Watu wameitukana hitilafu hii miaka nenda miaka rudi. Leo ipate wakili.

Kwanza, ina adabu. Betri iliyokufa hukuaibisha mlangoni kwako, majirani wakitazama, nawe umevaa shati jeupe. Hii haiwezi kukufanyia hivyo. Inakuacha utoke, uwapungie watu mkono, upitie sheli ukajaze tanki kwa majivuno. Ni huko mbele, mahali ambapo hakuna anayekujua, ndipo inapokuvuta pembeni mzungumze wawili.

Na inajua kuchagua mahali. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa na gari la namna hii hupita Mikumi bila wasiwasi wowote, huingia kwenye bonde la mibuyu, joto la Ruaha linajaa ndani ya boneti, na pale Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuanza kuupanda mlima Kitonga, anaombwa asimame. Abiria wa mabasi hununua vitunguu vya Mbuyuni kupitia dirishani, kwa haraka na kwa bei ya haraka. Yeye ana muda wa kuchagua kimoja kimoja, kuketi, kuulizwa anatoka wapi, na kupunguziwa bei kwa sababu boneti iliyo wazi imeshamtetea.

Lakini fadhila yake kuu ni ukarimu. Hitilafu hii humpa sifa kila anayeigusa. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, anatamka: “Bosi, plagi zimekwisha.” Kijana anatumwa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta plagi. Huko kuna foleni, kuna kupatana bei, chenji haipo, mwenye duka kaenda kuswali. Anaporudi, jua limeshahama upande. Plagi zinafungwa, gari linawaka, linavuta ajabu. Fundi analipwa na kupewa ya soda. Kilichoponya, bila shaka, ni muda wote ule injini iliokaa kivulini ikipoa, lakini muda hauna mkono wa kupokelea hela. Wiki inayofuata mshtakiwa ni waya za plagi, nazo zinaponya. Kisha kondensa inaponya, rota inaponya, pampu mpya ya mafuta inaponya kuliko zote. Shemeji aliyesema “hebu fungeni boneti muifungue tena” naye ameponya, na bibi aliyesoma dua ameponya, na kila mmoja ana ushahidi usiopingika: kabla hajagusa gari lilikuwa haliendi, alipogusa likaenda. Ni nani mwingine anayegawa ushindi kwa usawa kiasi hiki? Uchumi wa Gerezani una deni kwake.

Wasioipenda husema ni nafiki kwa sababu mbele ya fundi haionekani. Mimi nasema ina haya. Likivutwa kwa kamba hadi gereji, gari hufika limepoa na limepona, na mwenye gari huonekana msingiziaji. Kosa si la hitilafu. Haikuwahi kuahidi kujitokeza kwenye baridi. Kupima koili, ile inayozipa plagi umeme, ikiwa baridi ni kumpima mgonjwa homa ikishashuka. Waya wa shaba ndani ya koili huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo kutoka nyuzi 20 za alfajiri hadi 90 za mchana chini ya boneti, omu 3 zinakuwa karibu 3.8 hata kwenye koili nzima kabisa. Koili mbovu huenda mbali zaidi: gamba la kuzuia umeme lililochoka hupasuka likitanuka, umeme unapita njia ya mkato, na cheche inayofika kwenye plagi haina nguvu ya kuwasha. Ikipoa, ufa unajifunga, na mita inasoma vizuri kama hapakutokea jambo.

Anayetaka kuonana nayo, basi, aende kwake, yaani barabarani, ikiwa moto. Abebe plagi moja ya akiba. Gari likizimika tu, achomoe waya wa plagi moja, aufunge kwenye ile ya akiba, aigusishe chuma cha injini mbali na mvuke wowote wa petroli, na mwenzake apige stata. Cheche nene ya buluu inayolia tap, tap, tap, koili imeachiwa huru kwa leo. Cheche nyembamba ya manjano, mshukiwa amepatikana, yeye au kondensa jirani yake. Yote haya yafanyike kabla ya kwenda kutafuta kivuli, maana kila dakika inayopita inafuta ushahidi.

Cheche ikiwa nzuri, kesi inahamia kwenye petroli. Watu huidhani petroli kuwa kitu kimoja, kumbe ni mchanganyiko: sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi, nzito husubiri hadi karibu 200. Katika gari la kabureta pampu imefungwa ubavuni mwa injini, inavuta mafuta kutoka tanki lililo nyuma kabisa, na kule kuvuta kunapunguza mgandamizo ndani ya bomba, kwa hiyo petroli inachemka mapema zaidi. Pampu inabaki kusukuma mvuke. Kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa juu ya pampu peke yake, na gari likarudiwa na uhai dakika chache baadaye, umeshajua. Kanuni ni kupoza kitu kimoja tu. Anayemwaga ndoo nzima ya maji kwenye injini ataondoka vizuri bila kujua alichokiponya, na anaweza kupasua chuma kilicho moto.

Hapa hitilafu yetu inaonyesha ucheshi wake, kwa sababu mara nyingine joto limesingiziwa. Kutu na takataka za tankini huvutwa polepole hadi mdomo wa bomba na kuuziba; ukisimama, zinatulia chini tena, na gari linakwenda. Kifuniko cha tanki ambacho tundu lake la kupumulia limeziba hufanya vivyo hivyo: mafuta yanapungua, hewa haiingii nafasi yake, pampu inazidiwa. Vyote viwili vinahitaji muda, na katika muda huohuo injini imepata moto, basi lawama zinaiangukia rejeta. Breki nazo zimo: zikipata moto na kukataa kuachia, gari linakuwa zito na injini inatukanwa bure. Weka gia huru kwenye tambarare uone kama linateleza lenyewe. Na klachi iliyolika hujitangaza wazi, injini inapiga kelele na gari halijali.

Kuna washukiwa wasiopenda haraka. Valvu ya eksosi iliyobanwa mno, isiyoachiwa ule uwazi wa kama robo ya milimita, hurefuka kwa joto na haikai tena kwenye kiti chake. Mgandamizo wa sirinda uliokuwa mzuri alfajiri unaporomoka mchana. Silensa ambayo bamba lake la ndani limeng'oka huziba njia ya moshi. Kwa hili kuna geji ya vakyumu, kifaa cha bei nafuu kuliko pampu yoyote uliyokwisha nunua bila sababu. Injini nzima iliyo pwani, ikinguruma tu bila kukanyagwa, husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Ukiikanyaga na kuishikilia, mshale ukaanza kushuka polepole kuelekea sufuri, eksosi imeziba. Lakini kila mita 300 za kupanda huondoa kama inchi moja, hivyo fundi wa Dar atakayekuta inchi 14 pale Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, anaweza kuihukumu kifo injini isiyo na kosa. Hewa ni nyepesi huko, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake kwa ajili ya mlima tu. Hiyo haitibiki katika gereji yoyote.

Magari ya baadaye yamekosa haya kabisa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, na taa ya injini inakukonyeza: mara 2, inapumzika, mara 2, yaani sensa ya joto la maji. Gari linasengenya viungo vyake lenyewe. Muhimu, nakubali, ila hakuna heshima ndani yake.

Siku moja mtu mpole atafungua kifuniko cha tanki barabarani wakati gari limechoka, atasikia hewa ikiingia kwa mlio wa fyuuu, na gari litapanda Kitonga bila kusita. Atatoboa tundu kwa sindano na mambo yatakwisha. Gerejini, habari hii itapokewa kwa ukimya wa msibani. Fundi atalizunguka gari taratibu, atasikiliza, atatikisa kichwa, kisha atauliza kama gia ya tatu haikuwa ikipiga kelele kidogo, bosi, hasa likishapata moto.