Zimwi Lililopasukia Jikoni

Tangu Krismasi ipite, meza yetu ya chakula hapa Kitengela imetekwa. Upande wa dirishani imesimama Milima ya Ngong iliyoundwa kwa karatasi na gundi. Katikati kuna bonde lililopakwa rangi ya kahawia, na mwisho kabisa, mahali pa bakuli la mboga, kuna mrundo wa kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya viatu. Chakula tunakula sahani zikiwa mapajani. Baba watoto alinung'unika mwanzoni. Siku hizi akirudi kazini jioni, kabla hata hajavua viatu, huuliza kwanza kama zimwi limepata mkono.

Kazi hiyo ni ya kifungua mimba wetu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayengoja barua ya chuo, pamoja na dada yake aliye gredi ya nane. Wanabuni gemu ya mezani ya safari na maajabu. Wachezaji wanne hutoka Namanga, chini ya Ol Doinyo Orok, wakiwa na ng'ombe na vibuyu vya maji, na sharti wafike Ngong wote wakiwa hai. Hupitia Bisil, Kajiado na Isinya. Anayethubutu hukata kushoto hadi Olorgesailie akaokote shoka la mawe, kwa kuwa ndiko Louis na Mary Leakey walikochimba miaka ya 1940 wakakuta mashoka ya binadamu wa kale yametapakaa ardhini. Mwisho wa njia, milima ya Ngong ni vifundo vya mkono wa jitu, kama masimulizi ya huku yasemavyo: jitu lilijikwaa Kilimanjaro, likaanguka kifudifudi, likaacha alama ya mkono wake.

Njia nzima ina zimwi linalowinda. Mimi nilizaliwa Voi nikaolewa huku, na zimwi hili nililisikia kwa mama mkwe wangu, ambaye wajukuu humwita Koko. Zamani lilikuwa simba. Likajigeuza, upande mmoja ukawa mtu na upande wa pili ukawa jiwe, nalo halili kitu kingine ila binadamu. Habari zake ziliandikwa pia na A. C. Hollis katika kitabu chake kuhusu Wamaasai kilichotoka 1905, na kijana alipozikuta humo alifurahi mno kuona nyanya yake alikuwa akimsimulia kitu chenye umri mkubwa kuliko wao wote wawili.

Basi ikabidi zimwi lifinyangwe. Jirani anajenga, na udongo mweusi uliotolewa kwenye msingi wake ulikuwa umelundikwa kando ya ua wetu. Mtu yeyote aliyejenga Kitengela anaujua udongo huo. Ukipata maji huvimba, ukikauka husinyaa na kufanya nyufa ambazo mtoto anaweza kutumbukiza mguu, na ndiyo sababu mafundi huuchimba wote na kuutupa kabla ya kumwaga zege. Watoto waliona ni udongo wa bure. Zimwi la kwanza lilianikwa juani asubuhi, na kufikia saa nane mchana lilikuwa limepasuka kuanzia shingoni hadi kiunoni. La pili wakalifanya nene, ili lisipasuke.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu kupokea chama chetu cha akina mama. Pilau ilikuwa juu ya meko ya gesi, na kuku wa kienyeji alikuwa akitokota kwenye jiko la makaa kibarazani nyuma. Binti akaona makaa yanawaka vizuri, akaona zimwi bado bichi, akalifukia kwenye majivu chini ya sufuria ya kuku, akaenda kusuka nywele.

Udongo wenye maji ndani ukipashwa moto ghafla, maji hugeuka mvuke kabla hayajapata pa kutokea, na mvuke hupasua chochote kilichouzuia. Wafinyanzi huacha vyungu vikauke taratibu kabla ya kuvichoma kwa sababu hiyo. Hakuna aliyekuwa amemwambia mtoto jambo hilo. Kilichosikika ni mlio mmoja mkali, kisha mwingine, kisha sufuria ikilala chali. Wanachama tisa walitoka mbio sebuleni, mweka hazina akiwa amelikumbatia daftari la michango. Kuku alikuwa ameenea kibarazani kwenye majivu. Mguu wa zimwi ulikuwa kwenye karai la nguo. Kichwa kilipatikana juu ya kizingiti cha dirisha, kizima, jicho lake moja la shanga likitutazama. Namshukuru Mungu kwamba wakati huo hapakuwa na mtu karibu na jiko, na tangu siku ile hakuna kinachoingia kwenye makaa yangu bila mimi kukiona.

Tulikula pilau na kachumbari. Lakini wageni walikuwa wamekiona kile kichwa na hawakutaka kuondoka bila kuelezwa. Kijana akaeleza, akaona haya, akaeleza zaidi, na hatimaye wanne wakaketi mezani na wengine wakasimama nyuma yao. Hapo ndipo gemu yenyewe ilipopata msiba mkubwa kuliko ule wa kibarazani.

Sheria ilikuwa hivi: kila mchezaji ana maji yake, kila kijiji kinamgharimu kibuyu, na mwenye kuishiwa huachwa nyuma. Anayeachwa nyuma ndiye chakula cha zimwi. Kijana alikuwa ametumia wiki nyingi kupima idadi ya vibuyu ili mtu mmoja aishiwe karibu na Isinya. Mabibi wa chama walitazama kadi zao, wakatazamana, na mweka hazina akasema, "Leteni yote hapa." Wakaweka maji yote katikati. Kila walipofika kijijini wakatoa kwenye mfuko wa pamoja, na aliyepungukiwa akakopeshwa. Mmoja wao, aliyezoea kucheza kadi, alipobakiwa na karata ya mwisho akapiga kelele, "Niko kadi!" Walifika Ngong wote wanne kabla chai haijachemka. Zimwi halikupata hata wa kunusa.

"Mwanangu," mweka hazina akamwambia kwa upole, "sisi hatumwachi mtu Isinya."

Nilimtazama mtoto wangu. Midomo ilikuwa inatetemeka. Akachukua kalamu, akaandika kitu daftarini, akawaomba wacheze tena. Wakacheza tena, wakashinda tena kwa njia ile ile.

Watu wengi hudhani sampuli ya gemu hutengenezwa ili isifiwe. Mimi nimekaa na sampuli hizi, nimezifagia, nimezikuta kwenye friji, na nasema hutengenezwa ili ziharibiwe na watu wanaompenda aliyezitengeneza. Klaus Teuber alikuwa fundi wa meno ya bandia kule Ujerumani, na gemu zake alizijaribu nyumbani na mke wake na watoto kabla Catan haijatoka 1995 na kuenea dunia nzima. Gary Gygax, aliyeandika Dungeons & Dragons na Dave Arneson, alianza kwa kuwaketisha watoto wake wawili nyumbani kwake Wisconsin mwaka 1972, kabla ya gemu kuanza kuuzwa. Hata bao letu la pwani, lenye mashimo 32 na kete 64, na enkeshui ya Wamaasai, lazima zilipita mikononi mwa watu wengi waliosema hapana, hapa pamekaa vibaya. Kwa hiyo nilimwambia kijana kwamba mabibi wale wamemfanyia kazi ambayo kwingine hulipiwa. Alikubali kwa kichwa tu. Usiku nilisikia anakata kadi hadi saa sita.

Likizo ilipofika tulizipakia sampuli kwenye katoni tukapanda matatu kwenda Kajiado, kisha pikipiki hadi kwa Koko. Watoto waliinamisha vichwa, akawagusa utosini, akawauliza habari za shule na za baba yao. Halafu akataka kuona hilo zimwi lililomwaga kuku. Habari zilikuwa zimemfikia.

Meza iliwekwa nje, chini ya mgunga, kwa sababu ndani ni giza na Koko hapendi kukodoa macho. Ubao ukatandazwa, kadi zikapangwa mafungu matatu, kila fungu kwa muundo wake: moja lenye michoro ya rangi, moja lenye maandishi matupu, na moja lililopigwa plastiki kule saiba ya Kitengela kwa pesa zangu. Upepo ukaja. Wanaoijua Kajiado wanaujua. Kaunti hii ndiyo yenye mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 2021, na uwezo wake ni megawati 100. Wawekezaji hawakuja kufuata mandhari. Kadi za rangi ziliruka zote kwa pamoja zikanasa kwenye miiba ya mgunga, juu kabisa. Zile za maandishi zilivuka ua. Za plastiki zilishuka kwenye zizi la ndama, na ndama wawili wakazikanyaga kwa utulivu huku binti akilia na kuwasukuma. Milima ya Ngong tuliikuta asubuhi yake, imelala kwenye birika la kunyweshea mbuzi, imerudi kuwa karatasi.

Kijana aliketi chini akafunika uso. Nilitaka kumwendea. Koko akaniinulia mkono nisubiri, akaingia ndani, akatoka na ngozi ya ng'ombe. Akaitandaza chini, mahali ambapo ukuta wa nyumba huzuia upepo, akaketi kwenye kigoda chake, akasema, "Kwa nini mnacheza juu? Huku tunachezea chini. Leta huyo mtu."

Akapewa zimwi la tatu, lililochongwa kwa sabuni ya mche. Aliligeuza, akaligusa upande mmoja kisha upande mwingine.

"Silo," akasema. "Mjukuu wangu, jiwe liko wapi? Nimekwambia nusu ni jiwe."

Kajiado ni nchi ya marumaru. Machimbo yake hutoa mawe meupe, na vipande vyake vidogo havikosekani njiani. Watoto walitoka na kikapu wakarudi na vipande vya kutosha, wakalikata zimwi la sabuni katikati kwa kisu, wakagandisha jiwe jeupe upande wa kushoto. Nilikuwa nimelitazama zimwi lile kwa miezi na sikuwahi kuliogopa. Nililiogopa jioni ile, lilipowekwa kwenye ngozi, upande mmoja unang'aa kwa moto na upande mmoja haung'ai.

Kisha akaomba aelezwe sheria. Kijana akamweleza na ujanja wa mabibi wa chama, jinsi wanavyochanga maji hadi zimwi linakosa windo. Koko alicheka, akasema wamefanya vyema, ndivyo watu wanavyopaswa kusafiri. "Lakini zimwi halimngojei aliyeachwa. Linaita. Linasema, njoo rafiki, nisaidie kujitwika mzigo huu wa kuni. Mtu mwema ndiye anayekwenda."

Palikuwa kimya. Kijana alikuwa amesimama wima kabisa.

Muundo mzima ulibadilika kutokana na maneno hayo. Sasa kuna sauti inayoita kutoka porini kila baada ya kijiji, na wachezaji hawajui ni msafiri mwenzao aliyezidiwa na mzigo au ni zimwi. Vijiwe viwili, cheusi na cheupe, hufichwa kwenye kibuyu. Kimoja kati ya hivyo hutolewa baada ya kundi kuamua, si kabla. Wakikataa kwenda na aliyeita alikuwa mwenzao, wamempoteza. Wakienda na ni zimwi, mmoja haponi. Kuchanga maji bado kunaruhusiwa, na bado kunasaidia. Tulirudi Kitengela tukawaita tena mabibi wa chama. Mchezo wa kwanza uliwachukua jioni nzima, walibishana hadi chai ikapoa, na mweka hazina aliliwa Bisil kwa kuwa alisisitiza kwenda kumsaidia mwenye kuni. Aliondoka akisema angekwenda tena.

Miundo iliyobaki mezani ni minne na familia imegawanyika. Kijana anataka ubao mgumu wa kukunjwa, kama wa gemu za ng'ambo, wenye milima inayosimama. Binti anataka shuka nyekundu iliyochapwa ramani. Baba watoto anataka kadi zirudi, maana alizipenda picha.

Mimi nachagua turubai. Fundi wa mahema hapa mjini ametushonea moja yenye pindo zito, ramani imechorwa kwa rangi ya mafuta, na mahali pa kadi kuna vijiwe vya kuokota. Hailoweshwi na birika la mbuzi, haipeperuki, inatandazwa sakafuni na kukunjwa mfukoni, na anayeishi mbali na duka la vifaa vya gemu anaweza kutengeneza ya kwake kwa siku moja. Zimwi libaki lile la Koko, nusu marumaru, hata kama kiwanda kitasema jiwe linaongeza gharama ya kusafirisha. Likifanywa la plastiki tupu litakuwa jingine.

Kabla haijachapishwa inahitaji kuchezwa na watu wasiotujua na wasio na sababu ya kutuhurumia, wa Isinya, wa Namanga, wa Voi kwetu. Mwenye nyanya anayekumbuka zimwi la kwao, na mwenye chama kisichomwacha mtu njiani, karibuni Kitengela. Mtaketi sakafuni, na kuku atapikwa kwa gesi.