Ombi la Kibali cha Kuwachunguza Wachunguzi

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Maadili ya Utafiti,
Chuo Kikuu chenu,
Ng'ambo.

YAH: OMBI LA KUFANYA UTAFITI JUU YENU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea kwa heshima mwaliko wenu wa kushiriki, kwa mara nyingine, katika utafiti kuhusu ustawi wa nafsi na elimu kwa watu waliowahi kuishi katika "mazingira ya kuzuiwa". Namba yangu mmeitoa wapi sijui, wala sitauliza. Kuuliza ni kazi yenu. Nilimsomea mwaliko huo jirani yangu wa zamani wa Lukole A, kambi yetu ya wakimbizi wa Burundi kule Ngara, Tanzania. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua hilo ni gereza la mkoa gani.

Fomu ya ridhaa inasema kushiriki ni hiari, naweza kujitoa wakati wowote, na nikikataa sitapata madhara yoyote. Maneno hayohayo tulisomewa Ngara, chini ya mti, na kijana mwenye kofia pana na chupa yake ya maji. Hebu tazameni mandhari ile, waheshimiwa. Watu wapatao laki moja wamekaa kwenye vibanda, na mtu haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Akionekana ng'ambo ya hapo, ni polisi, na baada ya polisi ni mahabusu. Anayeleta mahindi amekuja na gari jeupe. Anayeleta maswali naye amekuja na gari jeupe. Halafu mtu mwenye kadi ya mgao mkononi anaambiwa yuko huru kukataa! Tulijibu kila tulichoulizwa, na pale ambapo hatukujua jibu tulitunga, maana nani alikuwa na uhakika kwamba orodha ya wabishi na orodha ya mgao hazikai kwenye faili moja?

Wenzenu wa Marekani walilifikiria jambo hili zamani. Katika gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia, wafungwa walipakwa madawa mgongoni kwa miaka mingi na daktari wa ngozi, nao walikuwa wametia sahihi. Ikaja kuandikwa kanuni mwaka 1978: mtu aliyefungwa ridhaa yake si ya kuaminiwa hivihivi, kwa hiyo achunguzwe kwa masharti ya pekee. Kanuni nzuri sana. Bahati mbaya sisi haikutuhusu. Mfungwa amehukumiwa na hakimu, ana tarehe ya kutoka, na ugali wake hupikwa kwa kuni za serikali. Sisi hatukuwa na hakimu wala tarehe wala kuni. Sisi tuliitwa wanufaika.

Sisemi watafiti wote ni mmoja. Simon Turner, mwanaanthropolojia kutoka Denmark, alifanya kazi yake Lukole mwaka 1997 na 1998, akasikiliza hadi akaandika jambo ambalo wanaume wengi walilitamka kwa aibu: kwamba wake zao walikuwa wakisema UNHCR ni mume bora kuliko wao. Hilo lilikuwa kweli na liliuma. Kitabu chake kilitoka mwaka 2010. Kambi ilikuwa imekwisha fungwa, na wasomaji waliokusudiwa, kama kawaida, walikuwa wengine.

Watafiti wengi hawakuwa na muda wa kusikiliza. Uchunguzi mmoja katika makambi ya Wanyarwanda na Waburundi nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 2000, ulikadiria kwamba nusu ya watu makambini walikuwa na matatizo makubwa ya afya ya akili. Nusu! Kwa maoni yangu ile nusu nyingine ndiyo iliyostahili kuchunguzwa: walikuwa wamekula nini?

Sasa nije kwenye ombi.

Naomba kibali cha kuwafanyia utafiti ninyi wajumbe. Kichwa cha muda: Ustawi wa Nafsi na Elimu miongoni mwa Wajumbe wa Kamati za Maadili Waliowekwa Pamoja kwa Usalama Wao. Mbinu zake si ngumu. Tutachomeka mti katikati ya maegesho ya magari ya chuo chenu, na kutoka kwenye mti huo tutapima kilomita 4 kila upande. Uzio hatujengi, sisi si watu wakatili, na tena uzio huharibu picha za ripoti ya mwaka. Tutaweka kibao. Mjumbe atakayepita kibao bila karatasi yenye mhuri atakamatwa, hata kama alikuwa anakwenda kumzika mama yake. Mhuri unapatikana Jumanne, afisa akiwepo.

Kila baada ya wiki mbili mtapanga foleni kwa ukubwa wa familia. Profesa mjane atasimama kwenye mstari wa familia ya mtu mmoja, akimwangalia mhadhiri msaidizi mwenye watoto saba akiondoka na gunia. Kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo, mhadhiri msaidizi atakuwa tajiri. Mahindi yatakuwa ya punje. Mashine ya kusaga ipo, ila inataka malipo, na kwa kuwa fedha hamtakuwa nazo mtailipa kwa mahindi yaleyale. Kwenye karatasi mtakuwa mnapata kilokalori 2,100 kwa siku. Wafadhili wakichoka tutapunguza mgao, na wiki hiyo tutaongeza swali kuhusu hamu ya kula.

Kazi mtafanya, tena zilezile za kufundisha. Ujira wenu hautaitwa mshahara bali motisha, na motisha ya profesa itatosha sabuni na kiberiti. Watoto wenu watasoma kwa mtaala wa nchi nyingine, katika lugha isiyotumika katika sekondari ya jirani, ili wasije wakazoea mahali na kutaka kubaki. Wakimaliza watapewa cheti kizuri, chenye fremu wakitaka, ambacho ng'ambo ya kibao kitahitaji maelezo marefu.

Muda wa utafiti hauna kikomo. Utakwisha siku hali ya usalama katika ofisi ya mkuu wa chuo itakapotangazwa kuwa imetengemaa, na atakayetangaza si ninyi. Mtaarifiwa kwamba mnarudi nyumbani kwa hiari. Askari wataisindikiza hiari hiyo hadi mpakani, kama walivyoisindikiza ya Wanyarwanda wa makambi ya jirani Desemba 1996.

Mhojaji nimekwisha mpata. Ni mpwa wangu, ana miaka 22, yuko likizo na anapenda kusaidia watu. Lugha yenu haijui, kwa hiyo atatumia mkalimani anayelipwa kwa idadi ya dodoso zilizojazwa. Mkuu wa kitivo ataeleza kwa dakika kumi jinsi alivyonyimwa mhuri siku ya mazishi, atataja jina la mama yake, atalia, atajifuta kwa tai. Mkalimani atamgeukia mpwa wangu na kusema: "Hajisikii vizuri." Mpwa wangu ataweka alama kwenye kisanduku cha tatu.

Dodoso ni lile mlilolizoea, la maswali 28. Je, siku za karibuni umekosa usingizi kwa sababu ya wasiwasi: hapana kabisa, si zaidi ya kawaida, zaidi kidogo kuliko kawaida, zaidi sana kuliko kawaida? Mwanasheria wenu, najua, atauliza ni kawaida ipi inayosemwa: ya kabla ya kibao, au hii ya mwaka wa sita? Mpwa wangu amefundishwa kujibu kwa adabu: "Wewe jibu tu, mzee." Ndivyo tulivyojibiwa sisi.

Matokeo nimekwisha yaandika ili kuokoa bajeti. Washiriki wameonyesha dalili za utegemezi. Inapendekezwa wapewe semina ya ujasiriamali, mipira miwili na kwaya.

Liko swali moja tu ambalo mpwa wangu nimemkataza kuuliza, nalo ni lile walilokuwa wakiulizwa akina mama: unaogopa kiasi gani ukiwa nje ya nyumba yako, chagua moja hadi nne. Mgao ulikuwa na maharage. Maharage makavu yanataka saa nyingi motoni. Watu laki moja walikwisha kata kila mti uliokuwa karibu, kwa hiyo kuni zilikuwa ng'ambo ya kilomita 4, na sheria ilikuwa kilomita 4. Mama anafanyaje? Awalaze watoto na njaa, au avuke. Akivuka anakutana na polisi, na asipokutana na polisi anakutana na wanaume porini. Wako waliorudi na mzigo wa kuni kichwani na hawakusema neno kwa miezi. Mkaja na kalamu mkawauliza hofu yao ni namba ngapi. Mkaandika: kiwewe cha vita. Vita vipi? Vita waliviacha Burundi. Hili liliwapata Ngara, wakati wa amani, kwa amri iliyopigwa chapa, ikatiwa sahihi na mtu aliyelala vizuri usiku ule! Sahihi hiyo ingefutwa kwa sahihi nyingine. Mlitupima vichwa, mlitupima ndoa, mlipima watoto wetu wanachora nini wakipewa kalamu za rangi. Amri haikupimwa. Haikuwemo hata kwenye kisanduku cha "nyinginezo".

Samahani. Fomu yenu inamruhusu mshiriki apumzike kidogo akiona uchungu. Nimepumzika, nimekunywa maji, naendelea.

Maombi madogo yaliyobaki hayatawachosha. Ripoti zenu za miaka ile zileteni, kwa Kirundi au kwa Kiswahili, hata zile zenye majedwali. Sabuni ya shukrani acheni. Na kwa kuwa wenzenu waliendelea kupanda magari meupe kwenda makambi ya Nyarugusu na Nduta kuwauliza Waburundi waliokimbia tangu mwaka 2015 kama wana matumaini, naomba dodoso moja, moja tu, lipelekwe kwa yule anayetia sahihi amri za kutotoka. Aulizwe kama amekosa usingizi kuliko kawaida. Kwake yeye kawaida inajulikana.

Kuhusu ridhaa yenu, msiwe na wasiwasi. Utafiti huu ni wa hiari, na mjumbe yeyote anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Atakachofanya ni kufika yeye mwenyewe, kwa miguu, katika ofisi yetu ya malalamiko. Iko kilomita ya 5.

Wenu mtiifu,

Mhojiwa
(jina limehifadhiwa, kama mlivyoahidi)
Zamani wa Lukole A, Ngara