Mgunduzi wa Stockholm

Mtanzania aliyehamia Stockholm akikwambia amegundua duka zuri la bia na mvinyo, mpongeze tu, usimuulize ni lipi. Nchini Sweden, kinywaji kinachozidi asilimia 3.5 ya kileo huuzwa madukani na Systembolaget peke yake, kampuni ya serikali iliyoanza 1955. Kwa hiyo alichogundua ni serikali. Muuzaji atamshauri kwa upole mvinyo wa kushushia samaki, ila bia hukaa rafuni zikiwa za moto, isije ikaonekana chapa fulani imependelewa friji. Jumamosi saa tisa alasiri pamefungwa, hadi Jumatatu. Na huyu ndiye aliyekuwa akimfokea mwenye grosari kule Sinza kwa kufunga saa sita usiku! Siku hizi Ijumaa jioni yumo kwenye foleni, kitambulisho mkononi.