Ukaguzi wa Magari Nao Upigiwe Ngoma

Usukumani hatuna choyo cha sifa. Wagoyangi wana ngoma ya nyoka. Wanunguli waliwaimbia nungunungu waliokuwa wakiwawinda mashimoni. Wagika na Wagalu wameshindana vizazi na vizazi, kila upande ukitaka umati uhamie kwake, na katika mashindano hayo sidhani kama kuna mnyama, zana au tabia ya mtu iliyokosa wimbo. Lakini kuanzia Tinde hadi Katoro sijasikia hata kibwagizo kimoja cha kuusifu ukaguzi wa magari, jambo linalowanyima watu usingizi kuliko nyoka na nungunungu kwa pamoja. Mimi si manju, sauti sina. Nitausifu kwa maandishi.

Fadhila yake kubwa ni kwamba humkutanisha mtu na gari lake. Bwana fulani ana Noah, anakaa nayo mwaka wa nne sasa. Anajua aliinunua kwa bei gani, anajua inakunywa lita ngapi kutoka Kahama hadi Ushirombo, anajua spika ipi ya mlangoni inakoroma. Chini ya gari hajawahi kuchungulia. Taa ya breki ya kushoto ilikufa tangu mvua za mwaka juzi. Kila anayemfuata nyuma analijua hilo, yeye ndiye halijui. Siku akisikia stika za ukaguzi zimeanza kutolewa, anafungua boneti kwa mara ya kwanza bila gari kuwa limezimika njiani, anasimama pale akiwa ameshika kiuno, anauliza, "Hiki nacho ni nini?" Hicho, bwana, ni chupa ya mafuta ya breki. Karibuni mfahamiane.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kuingiza gari bovu barabarani, na inampa askari uwezo wa kulisimamisha na kulitazama. Kwa mwenye basi au Hiace ya abiria, leseni ya LATRA inataka gari lipite kwanza kwa mkaguzi wa polisi. Sisi wenye magari ya kutembelea tunafikiwa zaidi na Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, ile yenye maandamano, hotuba, tarumbeta na foleni ya magari uwanjani. Mwaka 2016 maadhimisho ya kitaifa yalifanyika Geita, nayo ikawa heshima kwa mkoa uliokuwa na umri wa miaka minne tu. Dhahabu tulikwisha kuwa nayo. Tukapewa na stika.

Na stika ni kitu cha kujivunia. Wengi mnakumbuka enzi za ushuru wa mwaka wa gari, kioo cha mbele kikiwa kimepambwa. Bajeti ya mwaka 2017 ikaufuta ushuru ule na kuongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta, kwa hiyo tunaulipa kila tunapojaza tangi, ila hatuna cha kubandika. Stika ya ukaguzi ndiyo iliyobaki kuziba pengo hilo la urembo. Kuna watu wanazo za miaka sita mfululizo pembeni mwa kioo, wamezipanga kwa mwaka. Gari limezeeka lakini lina vyeti.

Ukaguzi pia umefufua ujamaa, jambo lililowashinda wengi. Juma la ukaguzi likifika, mtu aliyekuwa hasalimii jirani anabisha hodi na kuuliza kwa upole, "Shikamoo mzee, ule mtungi wako wa kuzimia moto bado upo?" Ipo mitungi mjini Kahama iliyopita ukaguzi mara nyingi kuliko gari lolote. Unatoka kwenye Ipsum, unaingia kwenye Hiace, unahamia kwenye Fuso, jioni unarudi kwa mwenyewe umechoka, na mshale wake umelala kwenye eneo jekundu tangu alipoupokea mkononi mwa muuzaji. Pembetatu za kuakisi mwanga nazo hutembezwa hivyo hivyo. Jeki, spana ya magurudumu na spea tairi huazimwa kwa ahadi ya kurudishwa "leo leo". Magereji ndiyo yanaona maajabu: gari linafungwa tairi nne nzuri asubuhi, linakaguliwa, na saa tisa alasiri vile vipara vyake vya asili vinarudi mahali pake bila kinyongo. Ninawasifu mafundi kwa utiifu wao, ingawa sijui abiria wa kesho yake wangesema nini wangeulizwa.

Kabla hujalalamika kwamba serikali yako inakusumbua, fuatilia ukoo wa gari lako. Kule Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na siku ya ukaguzi mwenye gari hulipa bima na kodi papo hapo. Gari likianza kuzeeka, gharama hizo pamoja na matengenezo humfanya aone afadhali aliuze, anunue jingine. Linaingia mnadani, linapanda meli, linashuka bandari ya Dar es Salaam, linatazamwa na TBS, linashika njia ya Dodoma na Singida mpaka kwetu. Kwa hiyo magari mengi unayoyaona Shinyanga mjini ni wakimbizi wa ukaguzi. Yamevuka bahari kumkwepa mkaguzi, yamefika Ibadakuli, yamemkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki anayasubiri.

Waingereza wao walianza mwaka 1960, wakapima breki, taa na usukani tu, kwa magari yaliyofikisha miaka kumi. Kufikia mwaka 1967 umri huo ulikuwa umeshuka hadi mitatu. Nadhani waliona mambo.

Tuje kwa mkaguzi mwenyewe, maana huyu ndiye msomaji hodari tuliyebaki naye. Anaanza na namba za gari. Namba za njano ni za gari binafsi, nyeupe ni za biashara. Ipsum yenye namba za njano ikishusha watu wanane stendi, na dereva akasema wote ni ndugu zake, mkaguzi anataka tu kusikia ndugu hao wakitajana majina. Kisha anasoma tairi. Wewe unaona kashata bado ipo, unatabasamu. Yeye anainama ubavuni kutafuta tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza na herufi DOT. Zikiwa 2316, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukilala stoo, na jua letu likiupata unaota nyufa ndogo ambazo rangi nyeusi ya kupaka haizifichi. Tairi likifumuka kati ya Tinde na Isaka, huku mwendo ni mia na kumi, kashata yake haimsaidii mtu.

Halafu anasoma dashibodi. Ukifungua swichi, taa za onyo zote ziwake. Injini ikishanguruma, zizimike. Ile ya ABS inayobaki inawaka ina lake la kusema, na baadhi ya mafundi wetu wana dawa yake: wanang'oa globu. Kwa hiyo mkaguzi anayejua kazi hahangaiki sana na taa iliyowaka. Anaitafuta ile ambayo haikuwaka kabisa. Akishika usukani, anautikisa kidogo. Ukicheza kabla magurudumu hayajaitika, kuna boljointi au tairodi imekwisha, na njia za vumbi za Nyarugusu na Lwamgasa hula vitu hivyo kabla ya vingine. Akifika kwenye chupa ya mafuta ya breki, anatazama rangi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, na siku breki zikipata moto sana maji yaliyomo hugeuka mvuke, pedali inazama mpaka sakafuni na gari linaendelea na safari yake. Watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kwa wengi wetu, mafuta yaliyomo ndiyo yale yaliyopanda meli.

Waipa sizitaji kwa kirefu. Kuanzia Mei hadi Oktoba hakuna anayekumbuka kama anazo, na mpira ukishakaushwa na kiangazi cha Shinyanga unachubua kioo badala ya kukifuta.

Wazee wa Kishapu wanaokumbuka majosho watanielewa nikisema ukaguzi ni josho la magari. Ng'ombe walikuwa wanaingizwa kwenye dawa kupe wafe, na kila kijiji kilikuwa na mjanja aliyewaficha wake porini kwa sababu josho linapoteza muda. Kupe wa mjanja hawakubaki kwa mjanja. Walihamia kwenye malisho ya wote. Breki mbovu zina tabia hiyohiyo: mwenye nazo ndiye anayezizoea, na anayezifahamu kwa uchungu ni yule aliyekuwa anavuka barabara Masumbwe na ndoo yake.

Sasa kuna watu watasema sisi wa ukanda wa dhahabu hatuna utamaduni wa ukaguzi. Si kweli. Nenda kwenye lango la mgodi wowote mkubwa, Geita au Bulyanhulu, utazame magari ya wakandarasi yanayoomba kuingia. Dereva anazunguka gari lake akiwa na karatasi ya kujaza, anagusa taa moja moja, anapima upepo, anajaribu honi ya kurudi nyuma, anahakikisha kimulimuli na bendera ndefu viko mahali pake, anafunga mkanda mpaka unalia klik. Ndani anakwenda mwendo wa harusi. Zamu ikiisha, gari likitoka langoni na kushika njia ya Katoro, mkanda unafunguliwa, mguu unakuwa mzito, na indiketa inarudi kuwa pambo. Dereva ni yuleyule, gari ni lilelile. Mawe ya kampuni yalindwe kwa makini. Watoto wa Katoro watajijua. Ninausifu ukaguzi wa barabarani kwa sababu unajaribu, angalau kwa juma moja, kuupeleka ustaarabu wa mgodini huku kwetu kwenye bajaji na magari yenye viroba vya mawe yanayokwenda kwenye makarasha.

Zamani tulikuwa na ukaguzi mwingine wa lazima, na hatukuujua. Kivuko cha Busisi kilimweka mtu foleni saa nzima au zaidi, na mtu asiye na la kufanya huzunguka gari, hupiga tairi teke, huona tone la oili kwenye lami, humwita fundi wa pale pale. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kilomita zipatazo tatu za ziwa zinapitwa kwa dakika chache. Nalishangilia daraja kama wote. Lakini nafasi ya kulipiga teke tairi imepotea, na haikurudishwa mahali pengine popote.

Agosti 2022, usiku, pale Mwakata wilayani Kahama, Hiace, gari dogo, trekta na lori viligongana, na watu wasiopungua 19 walikufa. Tukio hilo sitalifanyia utani. Nalitaja kwa kuwa kwenye barabara ile usiku kuna malori ya Rwanda na Burundi, matrekta, mikokoteni ya punda na baiskeli, na kimoja kinamwona mwenzake kwa taa na vile viakisi vya nyuma tu. Vile vya bei rahisi, tunavyovinunua tukinung'unika.

Tena tuzungumze hesabu, maana sisi ni wafanyabiashara. Kosa moja la gari barabarani ni shilingi 30,000. Globu ya taa ya breki haifiki hata elfu tano. Mtu anayeona uchungu kununua globu kisha akalipa faini mbili kwa mwezi kwa taa ileile, anaweza kuwa mpenzi wa serikali kuliko wengi wetu, ila asijiite mchumi. Na anayetafuta njia ya kupeleka kadi ya gari ikakaguliwe huku gari lenyewe likiwa limebeba abiria Runzewe, huyo amevumbua kitu kipya kabisa: kadi yake ina breki nzuri sana.

Basi ukisikia matangazo, usingoje siku ya mwisho, siku ambayo nusu ya mkoa imekumbuka. Wiki moja kabla, muweke mtoto nyuma ya gari akutajie taa: breki, indiketa, ya kurudi nyuma, ya namba. Paki mlimani, vuta handbreki, ondoa mguu. Soma tarakimu za tairi zako, pamoja na za spea. Linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi, hakikisha bima haijaisha, leseni usiiache nyumbani. Osha gari, ila injini isioshwe kwa nia ya kuficha oili inayovuja. Itavuja tena ukiwa kwenye foleni. Nunua mtungi wako mwenyewe. Na kama tairi nzuri ulizofunga ni za jirani, tafadhali mrudishie kabla hajaondoka kwenda Mwanza.