Jinsi ya Kuishi na Watu wa Kawaida: Mwongozo wa Keringet

Watu wa kawaida ni wengi, na kwa sehemu kubwa ni wema. Utawakuta stendi, kwenye foleni ya poshomili, kanisani na jikoni kwa shangazi yako. Wanapenda kukaa pamoja bila shughuli maalumu. Wanaweza kuongea watatu kwa mpigo na wote wakasikilizana. Uso wa mtu wanausoma kabla hajafungua mdomo, kwa wepesi ambao mimi na wewe hatujapewa. Wakikuita mkaidi au mtu wa maringo, mara nyingi hawana nia mbaya. Hakuna aliyewaeleza habari zako. Mwongozo huu unakueleza habari zao. Ni wa kijana mwenye usonji, au yule ambaye akili yake haitulii kwenye jambo moja, anayeishi hapa Keringet, Kenya, kati ya Molo na Olenguruone, na amechoka kuambiwa, "Si uchangamke kidogo?"

Anza na salamu, kwa sababu hapo Keringet imetupendelea. Ukiambiwa "Chamgei," unajibu "Chamgei mising," na mkono unatolewa. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, sema nzuri, hata kama ng'ombe hajala tangu jana. Hujamdanganya. Anajua kwamba habari kamili itafuata, mkishamaliza kuulizana za watoto, za mvua na za shamba: "Ila ng'ombe ndiye ananisumbua." Mpangilio huu haubadiliki ovyo, na kitu kisichobadilika ovyo tunaweza kujifunza hadi tukakizoea. Na macho yako usiyaonee haya. Mitaala mingi ya ng'ambo imemlazimisha mtoto mwenye usonji kuwatazama watu machoni. Huku kwetu kijana anayemkodolea mzee macho ndiye mkosa adabu. Tazama fimbo yake, tazama mkono wake, tazama chini. Utasifiwa kwa malezi mema.

Maneno ya baada ya salamu ndiyo yenye kazi. Mtu wa kawaida husema "nakuja" akiwa anainuka kwenda zake. Akipigiwa simu husema "niko kwa njia" na bado anatafuta viatu. "Tutaona" yake ni hapana. "Nitakutafuta" pia ni hapana, yenye upendo ndani yake. Mkutano wa saa tatu huanza watu wakishatosha. Usiumize kichwa kutafuta kanuni moja inayofunika haya yote. Yaandike kwenye daftari, moja moja, na uandike nani alisema na nini kilifuata. Halafu tumia kipimo ambacho hakijaniangusha: omba saa. Mama jirani akisema, "Karibu siku moja unywe chai," mwulize kwa upole, "Nije Alhamisi saa kumi, mama?" Kama alimaanisha, atakutajia saa yake. Kama ulikuwa wema wa mdomo tu, atasema utakuja tu wakati wowote, nawe utashukuru na kubaki nyumbani bila kinyongo.

Wala usiwadharau kwa kuzungukazunguka hivyo. Huku kwetu Kuresoi na Molo, nyumba zilichomwa moto katika mapigano ya kikabila ya mwaka 1992, zikachomwa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Majirani walikimbiana, wengine wakarudi kulima mashamba yanayopakana na ya watu waliokuwa wamewakimbia. Mahali kama hapo, kumwambia mtu "tutaona" badala ya "sitaki" kumezuia ugomvi mwingi. Mimi sipendi lugha ya kuzunguka, inanichosha hadi kichwa kinaniuma, lakini najua ilikotoka na ninaiheshimu.

Ninachokataa ni dhana kwamba sisi ndio tusioelewa na wao ndio wanaoelewa. Mwaka 2012 mwanasosholojia Mwingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: mwenye usonji anashindwa kumsoma mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida naye anashindwa kumsoma mwenye usonji, ila mmoja tu ndiye anayepewa jina la ugonjwa. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake huko Uskoti walilipima jambo hili kwa hadithi. Mtu alimsimulia wa pili, wa pili akamsimulia wa tatu, hadi wa mwisho. Mnyororo wa wenye usonji watupu uliifikisha hadithi vizuri sawa na mnyororo wa watu wa kawaida watupu. Pale walipochanganywa ndipo hadithi ilipopotelea njiani. Shika habari hii siku utakayoambiwa huna utu kwa sababu hukucheka wenzako walipocheka.

Kuna siku, tena, ambapo kuchukua maneno jinsi yalivyo kunawafaa wote. Twende kwenye viazi. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zinasema mfuko usizidi kilo 50. Dalali anakuja shambani na gunia lililoongezwa kilemba juu, linajazwa hadi linapita kipimo, na bei inabaki ya gunia moja. Watu wa kawaida wanaona. Wanatazamana, wanaguna, wanafunga kamba, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa mtu mgumu mbele ya mnunuzi. Hapo ndipo unapohitajika wewe, ambaye kilo 50 kwako ni kilo 50. Omba mzani, soma namba kwa sauti, usipandishe hasira wala usiombe radhi. Watakuita msumbufu asubuhi ile. Lakini jasho la mkulima wa Kuresoi limebebwa bure kwenye vilemba hivyo kwa miaka mingi, na mtu asiyeona aibu kutaja namba ni hazina kwa kikundi chochote cha wakulima.

Kwenye harusi, mazishi na harambee, usikae bila kazi. Mtu asiye na kazi anatakiwa kupiga soga, na soga ndiyo inayotumaliza. Nenda mapema, kabla ya kelele, umwombe mwenye shughuli akupe kuandika michango. Utapewa meza, kalamu na sababu ya kutoinua kichwa. Watu watakuja mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake na kiasi chake. Kuosha sufuria pia ni kazi nzuri. Spika zikizidi, toka ukasimame nyuma ya nyumba na urudi ukiweza. Watu wazima wenye usonji waliohojiwa na Laura Hull na wenzake, katika utafiti uliotoka Uingereza mwaka 2017, walieleza jinsi kujifanya mtu wa kawaida kunavyowaacha wamechoka kabisa, wakihitaji muda wa kuwa peke yao ili nguvu zirudi. Kwa hiyo kesho yake jipe nafasi. Kulala mchana baada ya harusi si uvivu.

Ukitaka wenzako bila maneno, amka alfajiri. Keringet ipo juu ya mita 2,000, baridi yake inauma masikio, na barabara zake zimelea wanariadha. Faith Kipyegon, aliyekulia eneo hili, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 kule Rio mwaka 2016, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Huhitaji mbio za namna hiyo. Kimbia na kundi la polepole. Watu wanapumua pamoja, hakuna anayekuuliza mbona umenyamaza, na baada ya wiki chache wanakuhesabu kuwa mwenzao. Sijaona urafiki unaojengeka kwetu kwa urahisi kuliko huu.

Sasa neno kwa mzazi, kwa maana mara nyingi ndiye anayesoma kwa niaba ya mtoto. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake katika pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta wazazi na hata wataalamu wakitaja mapepo, uchawi na laana miongoni mwa visababishi vya usonji. Tusijidanganye kwamba maneno hayo hayajafika nyanda za juu. Mtoto wako hajalogwa, nawe hukumkosea Mungu. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianza mwaka 1984. Uliza ofisi ya elimu ya eneo lako kilipo cha karibu, na uende na maelezo yaliyoandikwa ya mambo anayoyafanya na asiyoyafanya. Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003, watu waliokuwa wamechoka kama wewe. Usingoje mtoto wako ahesabiwe kwanza. Sensa ya mwaka 2019 iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, ikapata asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Usonji haukuwa na swali lake.

Na ninyi watu wa kawaida, ambao najua mmesoma hadi hapa kwa sababu kuna mpwa au jirani mmemkumbuka, nusu ya kazi ni yenu. Mwambieni saa mtakayoanza na saa mtakayomaliza. Mkibadilisha mipango, mpelekeeni ujumbe mapema. Mkitaka awasaidie, tajeni kazi yenyewe, "Shika jembe hili, tuchimbe mstari huu," badala ya kuguna mkingoja aelewe. Mkikasirika naye, mwambieni mmekasirika na kwa nini, siku hiyo hiyo. Na akija kwenye chai yenu akakaa kimya, akanywa vikombe viwili na kuaga, mwalikeni tena, mkimtajia saa.